Kumi na Nane ya Kitanda cha Nne

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaanza kuongea peke yangu. Mimi ni nesi wa wodi ya wagonjwa mahututi, mwaka wa tisa sasa, na mashine ya kitanda cha nne haisomi pumzi, kwa hiyo tunatakiwa kuhesabu wenyewe kwa saa ya mkononi, dakika nzima, lakini shangazi, nani ana dakika nzima, basi sote huandika kumi na nane, namba ya mtu mzima asiye na shida, tukaendelea na kazi. Jumatatu alilala hapo mwalimu mstaafu, mama aliyepasuliwa tumbo, nikaandika kumi na nane tangu asubuhi ingawa nilimwona anahema, saa nane mchana daktari akamwekea mrija wa dawa kwenye mshipa wa shingoni, saa kumi mama wa usafi akaniuliza, "Huyu mwalimu kwani amepanda ngazi?" ndipo nikahesabu, thelathini na mbili, nikamwita daktari, akasema ni sepsis, maambukizi yameuelemea mwili mzima, akachukua damu ya kupima, akaanza antibayotiki na maji ya mshipani, na sasa kila mtu ananisifu nina jicho kali, hata binti wa mgonjwa amenikumbatia. Shida ni kwamba daktari ameisoma chati yangu akaona mama alikuwa salama mpaka mrija ulipoingia, basi ameulaumu mrija, ameutoa, tumbo hajaligusa, na leo Jumatano presha bado inashuka. Nikisema ukweli nitafukuzwa. Nifanyeje?

Jicho Kali

Marahaba, Jicho Kali, na hongera kwa cheo. Kila anayelala kitanda cha nne anapumua kumi na nane, anayepona na anayekata roho. Mna wagonjwa wenye nidhamu kuliko jeshi. Dakika ya kumhesabia mwalimu hukuipata, ila za kuniandikia mimi zimepatikana. Mwenye jicho hapo ni mama wa usafi, naye hakupewa hata saa.

Najua unaogopa, na kosa hili mmelizoea wote. Lakini daktari anatafuta ugonjwa pale ulipomwelekeza wewe, na kila saa unayonyamaza anailipa mwalimu.

Nenda sasa hivi umwambie: "Alikuwa anahema tangu asubuhi, kabla ya mrija. Zile namba sikuhesabu." Usianze na historia ya maisha yako. Chati usiifute, andika chini yake ukweli, utie sahihi. Kazi ikiondoka, iondoke mama akiwa hai.

Wasomaji, msinisute kwa kuchelewa. Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu asubuhi, nikampigia mwenyewe hapo hapo, nikayasema haya kwa sauti ya juu kidogo. Akalia, akakata. Mchana akapiga: mshono wa ndani ya tumbo ulikuwa umeachia, mwalimu yuko chumba cha upasuaji, na yeye ameitwa ofisini kesho. Nikamuuliza mama alikuwa anapumua mara ngapi alipotoka wodini.

"Thelathini na saba," akasema, bila kufikiri.

Nikajua amehesabu.