Unga wa Kijani wa Kuku wa Hitima

Ipuli, Tabora
Jumanne, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo, mama. Natumai goti limepoa na sasa unaswali bila kiti. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Utashangaa kupata barua kutoka Ipuli hadi hapo Isevya, mwendo wa baiskeli tu. Simu imenishinda, maana kila nikipiga unaanza kuniombea dua kabla sijasema neno.

Kazini tunaendelea. Unawaambia majirani kwamba mwanao yuko kwenye mambo ya maji, nami sikuwahi kukusahihisha. Ni maji kweli, mama, ila ni majitaka. Magari yanayonyonya vyoo vya mji humwaga kwenye mabwawa yetu. Humo tunaotesha mwani, ule ukijani unaotanda juu ya dimbwi; unakula uchafu, na jua la hapa linaukuza upesi. Maji yanayotoka mwisho tunamwagilia miche. Mwani wenyewe tunauchuja, tunaukausha, tunausaga. Bi Adelina, mtaalamu wetu, alitukataza kumlisha mnyama yeyote hadi vipimo virudi. Naipenda kazi hii, na nilitamani siku moja uione.

Sasa nivumilie. Ilipokaribia hitima ya marehemu baba, kaka Majidi alileta mchele, dada Tunu akaleta mafuta, mimi sikuwa na kitu. Wewe ulikuwa umewafungia kuku wako siku tatu kama ilivyo desturi yako, wasile tena vya jalalani, wachinjwe wakiwa safi. Nikakuletea mfuko wa unga wa kijani, nikasema ni majani ya mlonge. Ulifurahi mno, ukawalisha huo siku zote tatu.

Ulikuwa ule mwani, mama. Wewe uliwatoa jalalani, mimi nikawalisha kilichoota kwenye vyoo vya mji mzima.

Siku ya hitima nilikusikia ukiwahimiza wageni wale bila wasiwasi, kuku wamekula majani matupu. Mimi sikula. Nilisema tumbo linauma, nawe ukawaacha wageni ukaenda kunichemshia tangawizi. Tangawizi ile ndiyo inayoninyima raha hadi leo. Hakuna aliyeugua, alhamdulillahi, lakini hilo halinisafishi.

Jana Tunu kaniambia umeshafungia wengine kwa ajili ya wakwe zake wanaokuja Jumapili, na unauliza mlonge wangu. Tafadhali, kilichobaki kwenye ule mfuko kimwage. Kesho asubuhi nitaleta mahindi, uanze upya kuhesabu siku tatu.

Tunu anayekuletea barua hii hajui kilichomo. Nisalimie kaka Majidi, ila niachie mimi nimwambie. Mahindi nitayaweka barazani, na sitavuka mlango mpaka uniite mwenyewe. Ukiona na mimi nastahili siku tatu, nitakaa hapo nje nizimalize.

Mwanao aliyekukosea,
Nasri