Tulipokaa Kumwamulia Baba

Jumapili, Mwandoya. Mvua ya jana imeacha tope uani na anga bado limejifunga. Waombolezaji wengi wameshaondoka. Baba tulimzika Ijumaa.

Naandika kwa sababu kichwa hakitulii.

Ninafundisha hisabati Bariadi, na kwa muda sasa nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu namna kundi la watu linavyoweza kuamua jambo ambalo hakuna anayejua litaishaje. Nina kanuni za kukusanya maoni, kuyapa uzito na kuyajumlisha. Sikuwahi kufikiri kwamba kundi lenyewe litakuwa mama, kaka Masanja, mdogo wangu Kabula na mimi.

Baada ya mwaka mpya baba alianguka akipalilia pamba. Damu ilivujia kwenye ubongo, hakuzinduka tena. Hospitali ya wilaya, daktari hakutuficha. Akipelekwa Mwanza kupasuliwa anaweza kuamka. Anaweza pia kufia njiani au mezani. Asipopasuliwa, atakwisha taratibu.

"Siwezi kuwaamulia," alisema. "Kaeni kama familia."

Tukakaa. Masanja, mkubwa wetu, akasema baba aende Mwanza. Mama akaitikia. Kabula akaitikia. Ikaonekana tumekubaliana.

Mimi pia nilitaka aende, lakini wepesi ule ulinitia shaka. Wanaposubiri kwanza mkubwa aseme, sauti nne zinaweza kuwa sauti moja iliyorudiwa. Nikaomba nizungumze na kila mmoja peke yake.

Mama alinijibu huku anakunja shuka la baba. "Mimi nataka afie kwake, asikie ng'ombe wakirudi. Lakini Masanja ameshasema."

Kabula naye alitaka baba arudi nyumbani; alikuwa amemfuata mama tu.

Masanja nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi. "Moyoni sitaki apasuliwe kichwa," akasema. "Ila mimi ndiye wa kwanza. Nikisema tumrudishe nyumbani, watu watasema nimechoka kumuuguza."

Kila mmoja wao alikuwa amekubali asichokitaka, akidhani wenzake wanakitaka.

Ningenyamaza, ningepata nilichotaka.

Sikunyamaza. Niliwaomba tukae tena, na safari hii kila mtu aseme lake bila kumtazama mwingine. Nami nikasema langu: apelekwe, hata kama tumaini ni dogo. Nilikuwa peke yangu. Tukamrudisha Mwandoya.

Alikaa nasi majuma machache, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Kisha alfajiri moja akaenda.

Leo mchana Masanja amenikuta nasuuza masufuria ya msiba.

"Minza, ungetuacha na uamuzi wa kwanza, huenda baba angekuwepo."

"Huenda."

"Unanilaumu?"

Nilitaka kumwambia ninachowaambia wanafunzi: uamuzi haupimwi kwa matokeo yake, unapimwa kwa kile mlichokijua mlipoamua. Naamini hivyo hata sasa. Lakini aliyesimama mbele yangu hakuwa mwanafunzi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikulaumu, kaka. Namkosa tu."

Akakunja mikono ya shati, akavuta sufuria moja, akaanza kuisugua kwa mchanga. Sijawahi kumwona akiosha chombo maishani mwangu. Tumeyamaliza yote pamoja.

Kanuni zangu zote huishia pale kundi linapoamua. Hakuna hata moja inayouliza watu wale wale wataishije pamoja baadaye, chini ya bati moja, na kiti kitupu sebuleni.

Nilipaswa kurudi Bariadi kesho. Nimeomba ruhusa nibaki na mama kidogo.

Majirani wakiuliza, mama huwaambia, "Tuliamua afie kwake." Mimi nami hujibu hivyo hivyo. Je, itafika siku nitasema "tuliamua", na moyo wangu usiniambie kimyakimya, "waliamua"?