Urefu wa Mlingoti

2 Mei

Mwanangu,

Mkaguzi wa majengo ya kale ametoka hapa sasa hivi, na amesema darini panaruhusiwa watu kuishi. Ndipo salamu zifuate: marahaba, maana najua utaniamkia. Mimi mzima, ila goti linanung'unika kwenye ngazi.

Sharti ni moja: paa lisiguswe. Kwa nje nyumba ibaki kama alivyoijenga babu yangu. Ndani tufanye tutakavyo. Tumeshateremsha vyerehani vyangu vibovu, kitanda chako cha utotoni na mzigo wa kinyesi cha popo. Seremala amepanga vyumba viwili, jiko, na choo upande wa bomba. Nilisimama katikati, chini ya boriti za paa, nikanyoosha mkono. Nafasi tele.

Baba yako

9 Mei

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Goti likande kwa maji moto, usinidanganye kwamba unalikanda. Barua yako imenifanya nipige kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mwenye nyumba wetu ameshapata mpangaji mwingine, tunatoka mwisho wa Julai. Mume wangu ameitwa kazini kule kaskazini, na nyumba wanampa. Nimemwomba asijibu kwanza. Nataka kuishi juu yako, siyo safari ya siku mbili kutoka kwako.

Sasa swali, na usikasirike: ulipopima urefu, ulimpima nani?

Kitindamimba wako

16 Mei

Mwanangu,

Seremala amesema mkwe wangu hataenea. Marahaba. Goti nimelikanda, mara moja.

Nilijipima mimi. Maisha yangu yote ya cherehani nimewafokea wanagenzi: usikate kitambaa kabla hujampima mteja. Suti ya harusi ya Mlingoti niliishona mwenyewe, na jina hilo nilimpa siku ile, nilipopanda stuli kumpima mabega. Vipimo vyake ninavyo kichwani. Tumekata fito ya urefu wake, tukaisimamisha darini. Imegota kwenye boriti kabla haijanyooka. Seremala alicheka hadi akakaa chini.

Kupandisha paa hakuruhusiwi. Bado nafikiria la kufanya.

Baba yako

23 Mei

Baba, shikamoo. Sote wazima.

Mlingoti anasema atainama, atazoea. Mimi sikuolewa na mtu mwenye nundu. Tusilazimishe, Baba. Kaskazini wanataka jibu mwisho wa Juni. Ulifanya uwezalo. Usivunje kitu.

Kitindamimba wako

11 Juni

Baba, shikamoo. U mzima?

Hujajibu. Simu inaita, haipokelewi. Jirani yako anasema anakuona kila siku, umejaa vumbi kama mwizi wa unga, na nyundo zinalia tangu asubuhi. Nilisema usivunje kitu. Unavunja nini?

Kitindamimba wako

20 Juni

Mwanangu,

Seremala amesimamisha fito jana na kutamka kwamba Mlingoti anasimama wima, na kofia juu. Marahaba mbili, ya barua hii na ya ile niliyonyamazia. Mimi mzima. Simu ilikuwa chini ya magunia ya saruji.

Paa halikuguswa. Tumeshusha sakafu. Waliojenga nyumba hii walipenda vyumba virefu, na sakafu yenu ndiyo dari ya chumba changu. Mkaguzi alisita, akaja tena na mhandisi wake, wakakubali boriti za sakafu zishushwe na zishikwe kwa vyuma. Nimelala sebuleni kazi yote, na mgongo umelipenda kochi.

Usianze kunililia chumba changu. Ule urefu sijawahi kuutumia. Nilikuwa nafuga buibui tu huko juu. Seremala ameniuliza kama sitajisikia nimebanwa. Nimemwambia, "Ndugu yangu, kwa kimo hiki, hata kabati ni ukumbi." Bado taa naibadilisha kwa stuli, ila sasa naifikia.

Ulisema nisivunje. Sikuvunja, nilipunguza upindo.

Fundi plasta anaziba dari Jumatatu, tarehe 30. Hadi hapo boriti zinasogezeka. Akishaziba, nguo imeshashonwa. Fito haipumui wala haijikuni kichwa, na mimi sirudii kosa. Mlete mteja Jumamosi, tarehe 28, saa tatu asubuhi, aje kujaribu. Avae viatu anavyovaa kila siku. Kaskazini msiwajibu hadi awe amesimama.

Baba yako