Usiyang'oe Maua ya Kaka Yako

Nyumba ya Kona,
Barabara ya Shule ya Zamani,
S.L.P. 214.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Wifi yangu,

Kwanza salamu, hata kama najua unasubiri nikueleze kile kilio cha kwenye simu. Hujambo wewe? Baba watoto hajambo? Lile goti limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za ghorofa hiyo? Huku sisi ni wazima. Binti yangu amepona kikohozi, nami chakula kinapita na usingizi umeanza kurudi. Kwa upande wa afya namshukuru Mungu. Kwa mengine, Wifi, nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Siku ile nilipokupigia nilisema neno moja tu, "Usiyang'oe," kisha nikalia na kukata simu. Nisamehe kwa kukushtua. Ulikuwa umenitumia picha umekaa roshani na kikombe chako cha chai, na nyuma ya kiti zinia zilizotoka kwa mbegu za kaka yako zimeanza kukauka. Chini ukaandika, "Haya nayo yamechoka, kesho nayang'oa." Wifi, hayo yaliyo nyuma ya kiti chako ndiyo pekee yaliyobaki. Ya huku yametupwa.

Unamjua kaka yako. Miaka yote ya ufundi rangi hakuwahi kutupa kopo. Kila nyumba aliyoipaka alirudi na kopo tupu, akalitoboa chini kwa msumari, akatia udongo na samadi, akaliweka barazani. Wala hakupanda ovyo. Kopo lenye michirizi ya njano ubavuni lilipata zinia za njano, lenye michirizi myekundu likapata nyekundu. Lile la rangi ya waridi likapata yale maua madogo yanayofunguka jua likishapanda, ambayo sisi tuliyaita saa nne. Hata kopo likiwa na udongo mtupu, ungejua kitakachoota humo kwa kulitazama ubavuni. Kuna wateja waliokuja kuchagua rangi ya ukuta hapa hapa barazani. "Fundi, nipakie kama ua lile pale, sio lile, lile la pembeni."

Aliyaita maua ya wavivu. Maji kidogo asubuhi, jua la kutosha, unakikata kichwa cha kwanza ili matawi yaongezeke, basi. Msimu ukiisha yanakufa, na hapo ndipo majirani walipomcheka, kwa sababu hakuyaondoa. Aliyaacha yamesimama makavu mpaka ukishika kichwa kinasagika mkononi. Ndipo anavisugua vichwa kwa viganja juu ya kopo lile lile, anafunika kwa udongo kidogo, anasubiri mvua. "Yamelala tu, usiyapigie kelele," alikuwa akiniambia. Basi mimi nikawa napita barazani kwa kunyata kama mwizi, na yeye anacheka mpaka anashika mbavu.

Mara hii alivisugua akiwa tayari anaumwa. Aliketi kwenye kigoda, mimi nikimshikia kopo moja baada ya jingine, na mabua tukayaacha yasimame kama kawaida yake. Mikono yake haikufanya kazi nyingine baada ya hiyo. Sasa unaelewa kilichokuwa ndani ya ule udongo.

Nikampeleka binti yangu hospitali kwa kile kikohozi, tukalala kwa dada yangu. Funguo za geti nilimwachia kaka yenu mkubwa. Naomba nimwite Bwana Usafi, kama mlivyomwita wenyewe utotoni, maana kumwita shemeji kwa sasa ulimi unakataa. Niliporudi nikakuta makopo yote yamemwagwa. Yote yamepakwa rangi nyeupe. Ndani ya kila kopo limesimama ua la plastiki linalong'aa, na yamepangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.

Yeye mwenyewe alikuwa katikati ya baraza, mikono nyuma, anasubiri shukrani.

"Karibu kwako, shemeji. Nimekuondolea yale majani makavu. Wageni wangesema mjane amekata tamaa."

Nikamuuliza udongo uko wapi.

"Udongo upi?"

"Uliokuwa kwenye makopo."

"Ah, lori la taka limepita asubuhi. Usijali, udongo ni udongo, nitakuletea mwingine. Na haya hayahitaji hata maji, unayapangusa vumbi tu."

Wifi, tangu niolewe hujawahi kunisikia nikipaza sauti. Siku hiyo mama mshonaji wa nyumba ya pili alisimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. Nilimwambia Bwana Usafi atoke barazani kwangu na bustani yake ya dukani, na nikamrushia maua yake moja moja mpaka getini. Moja lilimpata mgongoni. Akageuka, akaliokota, akalipangusa vumbi. Ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka.

Sasa nawe unaniandikia kwamba nimsamehe, ndiye mkubwa wenu, alikuwa na nia njema. Sikatai. Lakini aliyekuwa na nia njema angeuliza. Angesema tu, "Haya niyafanyeje?" kisha anyamaze anisikilize. Tangu tumzike kaka yako hakuna aliyeniuliza kitu. Viatu vyake viligawiwa nikiwa naoga. Kitanda kimehamishiwa ukuta mwingine ili nisahau, na kila nikiamka nagonga kichwa kwenye dirisha. Mtu anafungua kabati langu, mwingine anapanga sufuria zangu, na wote wananishika bega wakiniambia nipumzike. Wifi, nimefiwa na mume, sijafiwa na akili. Unaweza kuwaambia hivyo, na useme nimesema mimi.

Tuyaache hayo, nikuelekeze la kufanya. Usiyang'oe, na usimruhusu baba watoto ayasogeze kwa sababu ya wageni. Maji mimina kidogo tu, kisha acha kabisa. Vichwa vikauke mpaka bua lenyewe liwe la kahawia, ndipo uvikate siku ya jua, sio asubuhi vikiwa na umande, maana vitaota ukungu. Vitie kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki. Nyekundu peke yake na njano peke yake, tafadhali. Yule rafiki yako muuguzi akija likizo, mpe aje navyo kwenye mkoba wa mkononi.

Yale ya saa nne wewe hukuyachukua ulipoondoka huku na mbegu za zinia. Ulisema roshani yako haipati jua la kutosha, na kaka yako akakubali. Kwa hiyo hayo yamekwisha. Nimeuliza kwa kila mwenye kibaraza mtaa huu, nimekwenda hadi kwa wauza miche. Wanayo ya njano na meupe, lakini yale ya waridi ya kwetu hakuna. Najua wewe huna kosa. Nakwambia ili uelewe kwa nini hasira hii haishuki.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, manyunyu yakapiga makopo, na asubuhi nikaona weupe umevimba. Nikaugusa kwa ukucha ukatoka kipande kizima kama ganda la yai. Chini yake nikaona njano. Kaka yako alikuwa akisema rangi haishiki juu ya vumbi, na ndiyo maana alifuta ukuta kabla hata hajafungua kopo. Bwana Usafi, na usafi wake wote, alipaka juu ya vumbi!

Leo asubuhi amekuja. Hakubeba kitu, akasimama nje ya geti mpaka nikamwona. Akasema, "Shemeji, nifanye nini?" Wifi, hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri tangu mazishi, na limetoka kwake wa kwanza. Nilimletea kigoda cha kaka yako, ndoo ya maji na msasa, nikampa kopo moja. Alilisugua mpaka michirizi myekundu ikatokea yote, akajipangusa macho kwa mkono wenye maji machafu. Kisha akauliza, "Yote?"

Nikamwambia, "Yote."

Yuko huko sasa hivi. Ninapokuandikia namsikia kupitia dirishani, msasa unakwaruza, na mama mshonaji amesimamisha cherehani tena. Chai sijampa bado. Hapo nyuma kidogo aliinua lile la waridi akaniuliza humo tutapanda nini. Nilimwambia hatupandi kitu. Zinia zako zikifika zitajaza makopo mengine, na hilo litakaa na udongo mtupu pale pale mbele ya kiti anachokalia akija. Akaliweka chini, akachukua jingine, akaendelea.

Nisalimie baba watoto na watoto wote, hasa yule kitindamimba aliyekuwa akichuma zinia na kudai kachumiwa. Binti yangu anamwamkia shangazi yake na anauliza kama goti linapona kwa kuombewa. Mama mshonaji anakusalimu, anasema ungekuwepo ungefaidi. Mungu akuzidishie nguvu, akupe jua la kutosha hapo roshani kwa siku hizi chache zilizobaki, na asilete mvua.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Wifi yako, Mke wa Fundi