Jina la Mtoto Aliyekuja na Upepo

Dongobesh,
Wilaya ya Mbulu.
14 Aprili 1951

Mpendwa kaka Ayubu,

Shikamoo. Hujambo huko Pangani? Mafua yamekuacha? Sisi huku wazima, na mimi zaidi, maana nimejifungua! Mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya mpiga mnada. Umekuwa mjomba sasa, jikaze.

Alikuja na upepo, kaka. Ulivuma kutoka mashariki, ukang'oa mabati ya duka tukayaokota kwenye mahindi ya jirani Patriki. Jua lilipochomoza ukatulia, na mtoto akalia.

Basi, jina. Jirani yetu Gidahosh alituletea maziwa, akasema, "Sisi kwetu mtoto anaitwa kwa jambo lililokuwepo akizaliwa. Huyu muite Dhoruba tu." Mume wangu Hasani akafurahi, hajui kitu. Nikakataa! Si unakumbuka marehemu baba alivyotufundisha majina ya pepo za kwao Pangani pale dukani? Dhoruba imetoka kwenye Kiarabu, asili yake ni kupiga. Nani ampe mwanawe pigo? Hasani akaleta Tufani. Nikamwambia hiyo ni gharika ya Nuhu. Akajaribu Kisulisuli, tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Mama yeye akajishughulisha na kumwogesha mtoto. Unajua tangu uliache duka ukaenda kuishi kwa kina baba, hajalitamka jina lako. Akikutaja ni "yule". Nikimsomea barua zako anajidai anachambua maharage. Kaka, hilo limeniuma kupita uchungu wa kuzaa.

Siku ya saba ikafika, mbuzi wa akika kachinjwa, wageni wamekaa, mtoto hana jina. Mama akampakata, akasema, "Matlai." Nikashtuka. Ni upepo wa mashariki, ule wa asubuhi. Baba alisema kwa Kiarabu ni mahali jua linapochomozea. Huku bara nani analijua? Imakulata, mke wa Patriki, akauliza maana yake.

Mama akamfunika mtoto vizuri, akamjibu, "Ni upepo unaotoka kwa Ayubu."

Nililia mbele ya watu wote, na sioni haya.

Hasani anakusalimu sana, na Gidahosh, na Patriki na mkewe. Mungu akulinde, akunyooshee njia ya kuja huku. Mama hakutuma salamu. Amesema uje uzichukue mwenyewe, maharage yamekwisha kuchambuliwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Hajira, mama Matlai