Fundi na Mkono Wake wa Kushoto

Mwaka mmoja umetimia tangu ututoke, Fundi, na nyumba bado imetega sikio. Familia imenipa kalamu mimi mkeo niandike kwa niaba ya wote. Wameniomba niandike kwa adabu. Nitajaribu.

Siku sita ulitengeneza cherehani, ya saba ulipiga piano kwenye ukumbi wa chai wa ile hoteli ya karibu na stesheni. Watu walidhani ni kazi mbili. Mimi niliona ni moja. Mteja akianza kueleza ubovu wa cherehani yake, ulimwambia, "Mama, pumzika. Iache iseme yenyewe." Unazungusha gurudumu, umefumba macho, unasikiliza. Na mteja naye ananyamaza, jambo lililomshinda mumewe.

Hukuwa mbishi wala mchoyo. Chai uliinywa imeshapoa, kwa kuwa kila mara palikuwa na mtu wa kumsikiliza kwanza. Ulikoroma pia. Adabu haikatazi ukweli.

Kwenye piano hukuwa na karatasi, wala bendi, wala wimbo uliopangwa. Jazi yako ilianzia pale pale ulipokaa. Kijiko kikianguka, umeanzia hapo. Mtoto akicheka, umemfuata. Nilikuuliza siku moja, "Unajuaje pa kwenda?"

"Sijui, mama watoto. Ndiyo maana naenda polepole."

Sasa niseme lile ambalo watoto wanataka lisemwe. Aibu ni yangu, na nimeshaizoea.

Binti yetu mkubwa alipoacha ualimu akaenda kuendesha lori, nilimwambia asikanyage kwangu mpaka aachane nalo. Nilidhani ni hasira ya wiki mbili. Ikawa miaka minne. Ana shingo ngumu yule, sijui ameirithi kwa nani. Wewe hukunisuta hata mara moja. Daktari alikuwa ameshakuambia kwamba huna muda mrefu, sisi hukutuambia, na ulitaka jambo moja tu: usije ukatuacha hatusemezani.

Jumapili ile ukanialika nije kukusikiliza. Ukamwalika na yeye, kila mtu kwa siri yake. Naingia, namwona yuko meza ya dirishani. Nikaenda kukaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, nimevimba kama chura.

Ukaanza na mkono wa kushoto, taratibu, kwa uzito, mara unakanyaga, mara unaburuta. Ulikuwa mwendo wangu huo, na mguu wangu mbovu ndani yake. Wa meza za jirani wakanitazama, wakacheka. Kisha mkono wa kulia ukaleta lori: linapanda mlima, linabadili gia, linapiga honi. Binti akaficha uso kwa leso. Mikono ikaanza kugombana. Huyu anamkatiza yule, yule hashuki, huyu hapishi, mpaka mhudumu aliyebeba birika akasimama katikati ya ukumbi, amesahau anakokwenda.

Halafu ukautoa mkono wa kushoto, ukauweka gotini.

Wa kulia ukabaki peke yake, na halikuwa lori tena. Sauti mbili tatu ndogo, kimya. Sauti mbili tatu, kimya. Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kwamba wenyewe wamo. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nautazama ule mkono gotini. Sijawahi kusemwa vile na mtu ambaye hajafungua mdomo.

Nikasimama. Ulikuwa umetugeuzia mgongo, lakini mguu wangu haujui kwenda kimyakimya, ukausikia. Hatua ya kwanza tu, mkono wa kushoto ukarudi. Nilipokanyaga, ulikanyaga nami. Nilipoburuta, uliburuta. Nilipofika katikati ya ukumbi nikataka kurudi nilikotoka, nawe ukatua, ukanisubiri. Watu wazima na akili zao walikuwa wanafuta macho kwa vitambaa vya meza.

Nikafika dirishani. Maneno sina, mimi.

"Hilo lori umeliegesha wapi?"

"Nyuma ya hoteli, mama."

"Utanirudisha nyumbani. Mguu unaniuma."

"Kupanda utaweza?"

"Utanisukuma."

Akanisukuma. Walinzi wawili wa hoteli wamenitazama kwa namna nyingine tangu siku hiyo.

Kesho yake nilikuomba uipige tena ile ya jana. Ukatikisa kichwa.

"Ile haipigiki tena. Niliipiga naogopa hutasimama."

Nami nilikuwa nimekuona miaka yote mtu asiyeogopa kitu.

Ulituacha miezi mitatu baadaye, mchana kweupe, mimi na binti yako tukibishana kando ya kitanda kama mto wako uinuliwe au ushushwe. Hakuna aliyekubali kushindwa. Ulitusikiliza mpaka mwisho, na uso wako ulikuwa umeridhika.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti yako dereva, ambaye Jumamosi zote yuko hapa na hatupumziki. Mdogo wake mshonaji na mumewe. Wajukuu wako watano. Dada yako mkubwa, anayesema bado wewe ni mtoto. Na mafundi wenzako wote wa mtaa wa cherehani.

Hatutakusahau, Fundi, hata tukiombwa.