Bomba la Moshi na Ubao wa Mwenyekiti

Singano we, Jumanne hii ya tarehe kumi na nne usiisahau! Nusura ninyang'anywe mashine ya leza, na bado nacheka!

Si unajua mwenyekiti wa kijiji alivyonisumbua? Eti moshi wa kuchoma maandishi kwenye mbao unafika kwake, niutoe la sivyo afunge karakana. Nikafunga feni na bomba la bati, nikautoa barabarani kama alivyoamuru. Wakubwa hawa, kuamuru wanajua!

Basi asubuhi hii nachoma ubao wa mlangoni kwake, aliouleta mwenyewe. Bwana misitu wa Magamba akapita na pikipiki. Akasimama pale pale mdomoni mwa bomba. Akanusa. Akanusa tena!

Kaingia: "Mzee, harufu hii ya kafuri ni mkulo, mti wa msitu wa serikali. Kuukata ni marufuku. Nachukua mashine."

Nikaikumbatia mashine. Mashine ndiyo inayonilisha tangu mke wangu Rukia afariki.

Mara mwenyekiti huyo, kaja kuchukua ubao wake! Hata hajauliza kuna nini: "Mchukue, bwana misitu! Mzee huyu mkorofi, mbao zake zote za wizi!"

Bwana misitu akaugeuza ubao, akasoma kwa sauti: "KARIBU KWA MWENYEKITI."

KARIBU KWA MWENYEKITI, Singano! Nimejiuma shavu. Angekuwepo Rukia angecheka mpaka akae chini.

Sasa hivi nakuandikia, mwenyekiti yuko kibarazani kwangu anatazama viatu vyake. Bwana misitu anamuuliza mara ya tatu: "Mheshimiwa, mkulo huu umetoka wapi?"